Sigara: Kinachoonekana Usoni na Kilichofichika Kifuani

Wapo akina baba wengi wanaodhani kuwa siri yao haijulikani nyumbani. Hutoka nje baada ya chakula, huvuta, hutafuna karafuu, kisha hurejea wakiwa wamenawa mikono. Harufu huenda ikafichika, lakini uso una habari zake.

Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa jozi 79 za pacha wa kufanana, waliowapata katika tamasha la pacha mjini Twinsburg, Ohio. Pacha hao wana asili moja, hivyo haitoshi kusema kuwa ni maumbile ya ukoo. Picha zao zilikaguliwa na watu wasiojua nani mvutaji. Aliyevuta alionekana na kope zilizolegea, vifuko chini ya macho na mikunjo mingi zaidi juu ya mdomo. Hata walipokuwa wavutaji wote wawili, yule aliyemzidi mwenzake kwa miaka 5 au zaidi ya uvutaji alionekana amechakaa zaidi.

Sababu yake ndiyo inayopaswa kututia hofu. Ngozi ukiivuta hurudi mahali pake kwa sababu ya nyuzi ziitwazo elastini. Nyuzi za aina hiyo hiyo zimo mapafuni, nazo ndizo zinazoyarudisha na kuisukuma hewa nje tunapotoa pumzi. Moshi wa sigara huchochea vimeng'enya vinavyozikata nyuzi hizo. Ngozini hutokea makunyanzi. Mapafuni huvunjika kuta za vifuko vya hewa, na hewa iliyokwisha kutumika hukwama ndani. Maradhi hayo huitwa emfisema. Aliyenayo huhema kwa kupanda ngazi chache tu, mithili ya mtu aliyebeba gunia. Vifuko vilivyovunjika haviponi tena. Basi anayejitazama kwenye kioo na kusikitikia mashavu yake, ameona sehemu ndogo tu ya hasara.

Mvutaji Muislamu ana jambo analolijua, ingawa hapendi kukumbushwa. Katika Ramadhani hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, takriban saa 13 hapa kwetu, bila sigara hata moja. Kwa muda huo kaboni monoksidi, sumu inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu, huwa imepungua sana mwilini mwake. Kisha adhana ya magharibi husikika, naye hufuturu kwa tende na sigara! Lau angeendelea kujizuia, uharibifu ungepungua kasi, na baada ya miaka 10 hatari ya kupata saratani ya mapafu ingeshuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Anayeshindwa peke yake asione haya kumweleza daktari, kwani nikotini ni kilevi chenye nguvu.

Na anayevutia barazani asidhani amewakinga watoto. Moshi hupitia dirishani, na masalia yake hubaki kwenye kanzu ile ile ambayo mtoto huja kuilalia akimlaki baba yake.