Mchezo usio na kufa



Wakubwa wetu wanasema michezo ya ordinatere ni bunduki na makelele tu. Mara mingi wanasema kweli. Lakini wakati wa likizo mwenzetu mmoja alituonyesha mchezo wa namna ingine kwenye telefone ya kaka yake, na tangu siku ile tunabishana juu yake usiku mpaka taa zinazimwa. Jina lake ni Gris. Ulitoka mwaka wa 2018, kazi ya watu wa Nomada Studio, kule Barcelona katika Hispania. Picha zake ni za mchoraji Conrad Roset.

Binti mmoja anaimba, amekaa katika mkono wa sanamu kubwa ya mwanamke. Mara sauti inamkatika, sanamu inapasuka, naye anaanguka katika dunia isiyo na rangi. Unafinya ili aruke: haruki, anapiga magoti chini. Unafinya tena: magoti tena. Wa kwanza wetu kucheza alifikiri telefone imeharibika! Kumbe hapana. Waliotengeneza walitaka vidole vyako vyenyewe vijue namna mtu anavyokuwa siku za kwanza za kilio. Kutembea tu, basi.

Kisha rangi zinarudi polepole, nyekundu kwanza. Upepo mkali unamsukuma, naye anajifunza kufanya nguo yake iwe nzito kama jiwe, ili asichukuliwe. Nyuma anajifunza kuogelea, na mwishoni kabisa kuimba. Ukianguka toka juu, haufi. Hakuna pointi, hakuna saa inayokukimbiza.

Wengine wetu walisema: mchezo usio na kufa hauna ladha. Siye tunajibu: mwenye kilio amekwisha kupoteza, juu ya nini kumtisha tena?

Uko na mchezo mwingine, That Dragon, Cancer, wa mwaka wa 2016. Ulitengenezwa na Ryan na Amy Green, Wakristo wa Marekani, juu ya mtoto wao Joel aliyekufa kwa kansa mwaka wa 2014, akiwa na miaka 5. Mahali pamoja mtoto analia katika chumba cha hospitali, baba anajaribu hiki na kile, na chochote unachogusa hakimnyamazishi. Baba anabaki na sala tu.

Tuko na neno moja juu ya Gris. Rangi ikirudi, imerudi. Kwetu si hivyo. Mtu anacheka vizuri mwezi mzima, halafu Noeli inafika, au anasikia mwimbo uliopigwa kwenye matanga, na yote yanakuwa kijivu tena.

Mwaka uliopita mwenzetu mmoja alirudi masomoni baada ya kuzika mama yake. Siku ya tatu aliitwa mbele ya ubao. Alisimama kimya, akapewa sifuri, na wengine wetu tulicheka. Hata sisi tuliokuwa rafiki zake tulimwambia kila asubuhi: vumilia, usilie, umekuwa mkubwa. Leo tunaona haya. Tulikuwa tunafinya aruke, naye aliweza kutembea tu.

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe: anayetoka kwenye kilio asiitwe ubaoni kwa juma mbili. Aandike akiweza, anyamaze akitaka.

Na wanaojua kuchora waje kwetu siku ya Jumatano nyuma ya masomo. Ordinatere hatuna, tuko na makartoni, rangi na kete moja. Tunataka kutengeneza mchezo wetu, usio na kufa. Jambo moja tu lilitushinda kupatana: mchezaji aliyekwisha kupata rangi, anaweza kuipoteza? Tulipiga kura, sauti zikawa sawasawa. Basi tukamwuliza yule mwenzetu. Alifikiri kidogo, akasema lazima aweze kuipoteza, na isiandikwe popote ni mara ngapi.