Baiskeli na Mwana Mchanga

Kushindana kwa baiskeli hatukatazi, Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Tena apandaye kutoka Dodoma hadi Buigiri na kurudi, upepo wa kiangazi ukimpiga usoni, hujifunza subira. Lakini mke angali katika siku zake 40, amekesha na mwana. Mume naye alfajiri keshaondoka, arudi adhuhuri akalale! Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye vimewekwa juu ya baba. Basi mpira mpya wa baiskeli na ungoje. Aya hiyo yataka hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka 2 wazazi washauriane na kuridhiana. Saa za mazoezi nazo, kijana wetu, kamwulize mkeo kwanza.