Dawa ya Mtoto Isifungiwe Kabatini

 

Mzazi anapomleta mtoto chuoni huwa ametuachia amana. Mtoto huyo akiwa na pumu, pampu yake ya dawa ni sehemu ya amana hiyo. Lakini mara nyengine pampu husahauliwa nyumbani, au hufungiwa kabatini na ufunguo anao maalim mmoja ambaye siku hiyo hayupo. Kifua kikibana hakingoji ufunguo.

Salbutamol, dawa ya kutuliza pumu inayovutwa kwa pampu, hufungua njia za hewa kwa dakika chache. Hospitali zipo Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni, lakini kwa mtoto wa Kojani safari ya huko huanza kwa kuvuka maji. Basi dakika za mwanzo ni jukumu la aliye naye darasani.

Wapo walimu wasemao: "Mimi si daktari, nikikosea nitalaumiwa." Hofu hiyo inafahamika. Lakini walimu wa Pemba wameshagawa vidonge vya minyoo na kichocho maskulini, kwa sababu walifundishwa na kuelezwa kiasi. Na hapa tufanye hivyo hivyo. Mzazi alete pampu pamoja na karatasi ya daktari yenye jina la mtoto, kiasi cha dawa na namba ya simu. Mtoto mkubwa aiweke mkobani mwake. Ya mdogo ikae mahali pa juu pasipo kufuli, na walimu wasiopungua wawili wapajue. Dawa ya mmoja asipewe mwengine. Mtoto akishikwa, akae wima, avute dawa kama ilivyoandikwa, na asipopata nafuu akimbizwe hospitali.

Nanyi wanafunzi, msiufiche ugonjwa, hata ndani ya Ramadhani. Masheikh wamekhitalifiana kuhusu pampu na saumu, lakini Suratul Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyengine. Kujikaza mpaka pumzi ikatike si uchamungu.

Wazazi na walimu, tukubaliane jambo hili kabla muhula haujaanza. Amana huulizwa.

Wabillahi tawfiq.