Kulala Hemani na Farasi

Wapo wazazi wanaotamani kuwachukua watoto wakati wa likizo, wapande farasi na kulala hemani katika misitu ya milima ya Nyanda za Juu Kusini. Tamaa hiyo si mbaya, ila mnyama huyu ana masharti yake.

Huku Ubaruku, katika bonde la Usangu, majaruba ya mpunga hujaa maji. Maji na joto huzalisha usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, naye ndiye aenezaye maradhi ya farasi ya Afrika. Farasi asiyechanjwa akiambukizwa, homa hupanda, mapafu hujaa maji, povu humtoka puani, na mara nyingi hufa katika siku chache. Punda na pundamilia huambukizwa pia, lakini ni nadra kuugua sana.

Usubi huuma hasa tangu machweo hadi mapambazuko. Ndiyo maana wafugaji waangalifu huwalaza farasi bandani. Kambini banda liko wapi? Basi mnyama achanjwe wiki kadhaa kabla ya safari, na hema lipigwe juu, mbali na vinamasi. Uwanda wa Kitulo una mwinuko wa karibu mita 2,600, na baridi ya Juni na Julai huko humshinda usubi. Wengine itawashinda pia, kwa hiyo mablanketi yasisahauliwe.

Mimi ningechagua punda. Watoto watanung'unika kwamba anajikokota, lakini atabeba hema, sufuria na unga, na asubuhi mtamkuta mzima.