Nyumba ni ya wawili, na saini ziwe mbili

Mimi nimerudi juzi kutoka kwetu Lipingo, kule mwambao wa Ziwa Nyasa, Ruvuma. Samaki nimekula mpaka nikakinai, lakini safari hii nilikula roho ikiwa juu juu, na leo nataka nikumegee kisa chenyewe.

Siku ya pili tu tangu nifike, Baba Mdogo aliniita pembeni chini ya mwembe. Nikajua tayari, hapa napigwa mzinga. Kumbe wapi. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe unakaa mjini. Eti mtu akijitangaza muflisi mahakamani, madeni yote yanakufa na nyumba inabaki?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kumbe mwenzenu alikopa kwa wakopeshaji fulani ili anunue injini ya boti na nyavu. Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa supa. Baadaye samaki wakaadimika, injini ikaanza kugoma, marejesho yakalala. Sasa barua imefika. Na rehani ni nyumba ileile anayolala Mama Mdogo na watoto wanne, nyumba ambayo tofali zake Mama Mdogo alizichotea maji kwa kichwa chake mwenyewe.

Wenye kahawa kule juu Mbinga wanaijua sana biashara ya magoma, yaani kuuza kahawa kwa bei ya kutupa ikiwa bado iko mtini. Baba Mdogo yeye alifanya magoma ya nyumba, tena watu wakiwa bado wamo ndani!

"Mama Mdogo anajua?" nikamuuliza. Kimya. Baada ya kumbana sana ndipo akanitapikia yote. Fomu ya mkopo ilitaka saini ya mke. Mama Mdogo alikataa kata kata, akasema, "Injini ikizama, nitalala ndani ya injini?" Basi mzee mzima akamchukua shangazi yangu, dada yake wa tumbo moja, akaenda kumtambulisha kama ndiye mke. Shangazi akaweka saini, wakarudi na njuluku.

Msomaji, usicheke. Au cheka kidogo halafu tuendelee.

Kesho yake tukadandia gari mpaka Songea kwa wakili mmoja anayesaidia watu wasio na kitu. Mimi nimeishia kidato cha nne, sheria naisikia redioni tu, kwa hiyo nilifungua masikio yote mawili. Nayaandika hapa kwa lugha yetu ya kijiweni.

Kwanza huo umuflisi. Sheria yake ipo tangu enzi za mkoloni, mwaka 1930. Unapeleka maombi Mahakama Kuu, na ikikubali, mali zako zinatoka mikononi mwako na kuwekwa chini ya msimamizi ili wanaokudai wagawiwe. RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa unawajua, siyo? Kirefu chao ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Hiyo "Ufilisi" ya katikati ndiyo hii. Unachobakiziwa ni vitu kama nguo, matandiko na zana za kazi yako. Nyumba haimo! Na aliyeshika rehani hapangi foleni na wadai wengine, yeye anaishikilia rehani yake vilevile. Kwa hiyo aliyemdanganya Baba Mdogo kijiweni kwamba umuflisi ni kichaka cha kuficha nyumba, alimpoteza.

Pili, kama nyumba hukuiweka rehani kabisa, mambo ni tofauti. Tuseme unadaiwa dukani au na mshikaji, akakushtaki akashinda. Sheria ya mwenendo wa madai inakataza kukamata nyumba unayoishi na mkeo na watoto wanaokutegemea. Vyombo vya kupikia, vitanda, jembe na mbegu navyo haviguswi. Ukisikia mtu anasema "nitakuja kung'oa mabati", mwambie alete amri ya mahakama kwanza.

Tatu, na hapa ndipo penye moto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikakazia: rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu mwenzi aliposaini au kuridhia, hata kama rehani yenyewe ni ya kimila. Mkopaji ana wajibu wa kusema kama ana mke au mume, na mkopeshaji ana wajibu wa kuhakikisha. Ukidanganya ni kosa, kuna faini na kuna jela.

Hapo Baba Mdogo alitoka jasho kama yuko jua la saa saba. Saini ya shangazi ilikuwa panga la makali mawili: inaweza kuiokoa nyumba, halafu ikampeleka yeye ndani.

Wakili akaongeza kwamba hata rehani iliyo halali haiuzwi kienyeji. Lazima upewe notisi ya maandishi yenye siku 60 za kulipa. Mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla. Na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba muuzaji hakutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo barua ikija usiifiche chini ya godoro. Hesabu siku.

Tukarudi Lipingo. Kazi ngumu kuliko sheria zote ikawa ni kumwambia Mama Mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, hakupiga kelele. Akamgeukia shangazi na kumuuliza taratibu: "Wifi, umeolewa na kaka yako tangu lini?" Shangazi aliinamisha kichwa, akalia. Baba Mdogo naye machozi. Mimi nikajifanya naangalia ziwa.

Mwishowe Mama Mdogo ndiye aliyeongoza msafara kwenda kwa wakopeshaji, na cheti chake cha ndoa mkononi. Akawaambia, tukae tuongee au tukutane Baraza la Ardhi. Wakakaa. Injini imeuzwa, hela imepunguza deni, linalobaki wanalipa kidogo kidogo. Nyumba bado ipo. Ila Mama Mdogo na wifi yake bado hawapikiani chai, na sijui lini watapikiana.

Sasa wewe kijana mwenzangu uliyepanga chumba unasema hayakuhusu. Yanakuhusu. Kama wazazi wana nyumba kijijini, waulize kama kuna karatasi. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili, anzieni serikali ya kijiji. Kama mna hati ya mjini yenye jina la mmoja, mwingine anaweza kusajili zuio kwa msajili wa hati. Kuna rufaa ya mwaka 2000 kutoka Mbeya ambapo mke alishindwa kwa sababu hakuwa amesajili zuio. Na hawa wa kausha damu, wengine hawakupi mkataba wa mkopo, wanakusainisha mkataba wa kuuza nyumba! Soma kabla ya kuweka dole. Uliza pia leseni ya Benki Kuu.

Halafu dada zangu, ukiambiwa "saini hapa mara moja, ni kitu kidogo tu", jiulize kitu kidogo kinataka saini yako ya nini. Nanyi kaka zangu, mwenzako akikataa kusaini, usitafute wa kumwigiza. Msikilize kwanza. Mama Mdogo hakusoma sheria hata ukurasa mmoja, lakini suala la injini alilimaliza kwa swali moja.

Haya, tukutane wiki ijayo tukijaaliwa.