UPEPO WA NGONG NA BILI YA STIMA

Wafanyakazi wenzetu wanaorudi jioni kutoka mjini kwenda Dagoretti na Karen wanaijua mitambo ile juu ya Vilima vya Ngong, siku isiyo na ukungu. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Leo kituo hicho cha KenGen kina uwezo wa megawati 25.5.

Upepo ulikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni sheria. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza bei maalum ya kununulia umeme wa upepo, ili wenye mitaji wasiogope. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ikaziagiza idara za Serikali ziyatie mambo hayo katika mipango yao. Sisi hatupingi hata kidogo. Moshi wa dizeli hatuutamani, na mafuta yake twayalipia katika bili.

Lakini twauliza: sera ikiwa njema na kazi ikafanywa nusu, mlipaji ni nani? Mitambo 365 ya Turkana, yenye megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Waya wa kuleta stima hiyo mpaka Suswa, zaidi ya kilomita 400, haukukamilika mpaka 2018. Mkataba ulisema stima italipiwa hata isipochukuliwa. Basi Serikali ikadaiwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja ya Kawangware, na sehemu ya deni hilo ikatiwa katika bei ya stima. Kinangop nako, mpango wa megawati 60 ulivunjika mwaka 2016 kwa ugomvi wa ardhi na wenyeji.

Katika Katiba hiyo hiyo, jirani wa kifungu cha 42 ni cha 41, nacho ni chetu: haki ya kutendewa haki kazini na kulipwa ujira wa haki. Mabwana wa sera hukisoma cha pili wakakiruka cha kwanza! Twataka kabla ya mkataba mwingine wa upepo kutiwa sahihi, ielezwe hadharani waya utafika lini, faini italipwa na nani, na mafundi wangapi wa hapa watafunzwa na kuandikwa kazi ya kudumu, si kibarua cha kuchimba misingi tu.

Makatibu wa matawi waliweke jambo hili katika mkutano ujao. Wanachama na waje na bili na risiti zao za tokeni mkononi.