Moshi wa Bugwema siyo filta, staa!

Kuna staa mmoja wa Musoma mjini kashuka Bugwema kiangazi hiki, kapiga video katikati ya shamba linalochomwa. Moshi kibao, mashabiki wanashangilia. Wasichokiona: aliyeshika simu ni dogo mwenye pumu. Kaomba apumzike, staa kamcheka, "acha ulegevu!"

Huo siyo ustaa. Chembe za moshi ni ndogo mno kuliko unywele, zinazama mpaka ndani ya mapafu. WHO inakadiria hewa chafu ya nje iliua watu milioni 4.2 kabla ya wakati mwaka 2019. Moshi ukitanda, kazi inaahirishwa, mwenye pumu anakaa mbali, inhela mfukoni. Laiki hazimrudishii mtu pumzi.